Wanja wa Fahali

Daktari alipomwambia Baba kwamba macho yote mawili yamekwisha, na kwamba hakuna dawa wala kisu cha kuyarudisha, Baba alicheka. Alicheka mpaka daktari akamtupia binti jicho la wasiwasi, kama anauliza ikiwa mzee huyu ni mzima wa akili. Binti alijua anachocheka, na yeye hakikumchekesha hata kidogo.

"Miaka arobaini," Baba alisema wakishuka ngazi za hospitali, mkono wake umeng'ang'ania bega la binti, "miaka arobaini nakataa mafahali kwa sababu ya macho. Wa watu na wa kwangu mwenyewe. Leo zamu yangu imefika. Mungu naye ana utani wake."

Baba alifuga Herefodi, wale ng'ombe wekundu wenye uso mweupe na kifua kipana. Kazi yake hasa ilikuwa kutoa madume wa mbegu. Kila mwaka walizaliwa ndama dume kumi na watatu au kumi na wanne. Walinyonya miezi saba, wakaachishwa, wakalishwa pamoja, na walipotimiza mwaka walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Watatu, wakizidi sana wanne, walibaki madume. Wengine wote walihasiwa siku hiyohiyo na kuwa maksai wa kunenepeshwa. Baba alikuwa mtu wa huruma kwa watu, kwa paka, hata kwa mbwa wa jirani aliyekuwa akimlia kuku, lakini siku ya kuchagua huruma aliiacha ndani ya nyumba.

"Jike akiwa na kasoro anampa ndama mmoja kwa mwaka," alizoea kusema. "Dume anawapa arobaini. Ukimhurumia dume mmoja, umewaonea arobaini."

Alikataa kwato zinazopishana. Alikataa mgongo uliobonyea, korodani ndogo, na hasira za bure. Lakini kilichomnyima raha kuliko vyote ni macho. Herefodi uso wake ni mweupe, na kope zikiwa nyeupe pia, jua linamchoma, nzi wanamsumbua, na miaka ikisogea kinaota kijidonda ambacho mwisho wake ni saratani ya jicho. Wapo wachache wanaozaliwa na bahati: duara la wekundu linalizunguka jicho, rangi ya mwili imepanda usoni ikajichora yenyewe. Wafugaji wengine waliita madoa. Baba aliita wanja. Ukimletea habari za fahali yeyote duniani, kabla hujamaliza kutaja uzito wake, yeye ameshauliza, "Ana wanja?"

Binti alikuwa karani wa bohari mjini kwa miaka kumi na mmoja. Mume alikuwepo, kisha hakuwepo, na hakuna aliyemlilia sana. Alirudi nyumbani kumzika mama yake, akaomba likizo ya wiki mbili amshughulikie baba yake hospitali, na likizo hiyo haikuisha tena. Ndivyo mtu wa kuhesabu misumari alivyogeuka kuwa macho ya mchaguzi wa mafahali.

Mwanzoni alikuwa hovyo kabisa. Ng'ombe alipoingia kwenye kibanio, kile kichochoro cha mbao ambamo mnyama hubanwa asigeuke, Baba alikaa kwenye kiti chake cha chuma upande mmoja, binti akasimama upande wa pili na daftari kubwa, na mchungaji akashika lango. Huyu mchungaji walimwita Nusu Saa, kwa sababu kazi yoyote ukimpa, hata ya kuhamisha mlima, atakwambia ni nusu saa tu.

"Niambie," Baba alisema siku ile ya kwanza.

"Mwekundu," binti akasema. "Mkubwa."

"Wote wekundu, mama. Wote wakubwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi sina, kwa hiyo nipe ng'ombe. Wewe unanipa rangi ya ukuta."

Akajifunza. Alijifunza kuangalia mnyama kuanzia chini, kwato kwanza, kisha goti, kisha namna nyama ya paja inavyoshuka. Alijifunza kusema "anakanyaga ndani kidogo mguu wa kulia wa nyuma" na "mgongo umenyooka mpaka kiunoni, pale unapanda kidole kimoja." Baba alisikiliza kichwa kimeinama, viganja vyake vikipita juu ya mnyama kuhakikisha yanayoshikika, na mengine yote akayachukua kutoka kinywani mwa binti. Mwaka wa pili walikuwa wakielewana kwa nusu sentensi. Mwaka wa tatu Baba alimwambia mfugaji mmoja kwenye simu, binti akisikia, "Mimi sasa naona vizuri kuliko zamani. Zamani nilikuwa naona kwa papara." Binti alitoka nje akasimama nyuma ya ghala, akalia kwa furaha, jambo ambalo bohari haikuwahi kumfanyia katika miaka yote kumi na mmoja.

Hapo ndipo lilipoingia jambo la ukoo wa Mpishi.

Mpishi alikuwa jike wa kwanza wa Baba, na jina alilipata siku alipovunja mlango wa jiko akala unga uliokandwa pamoja na kitambaa kilichoufunika. Mama yake binti alitaka achinjwe jioni ileile. Hakuchinjwa, na kutoka tumboni mwake wakatoka majike na madume waliolifanya jina la Baba lijulikane na watu asiowahi kuwaona. Lakini ukoo nao huchoka. Majike wa Mpishi walipungua mwaka hadi mwaka, huyu homa, yule kuzaa vibaya, mpaka akabaki mmoja tu, bibi wa miaka kumi na mitatu mwenye tumbo lililolegea. Huyo naye akazaa dume.

"Macho?" Baba aliuliza asubuhi ile, ndama bado ana ute.

"Meupe, Baba."

"Wengine wanja wao huchelewa. Mpishi mwenyewe alichelewa, ulimtokea akikaribia mwaka. Tusubiri."

Wakasubiri. Ndama akanenepa na kunyooka. Kila wiki Baba aliuliza, "Umeanza?" na kila wiki binti alijibu, "Bado." Mwaka ule Baba aliugua kifua mara mbili, na mara ya pili alikaa kitandani siku tisa bila kutaka chakula. Siku ya kumi aliomba koti lake. Hakusema anataka kwenda wapi, lakini miguu ilimpeleka zizini, kwa yule dume wa Mpishi, akasimama hapo akimpapasa shingo. Binti alimtazama kutoka dirishani. Aliona mifupa ya mabega ya baba yake ndani ya koti, akaelewa kwamba mzee huyu sasa ameshikilia uhai kwa kamba moja, na kamba yenyewe ina miguu minne na macho meupe.

Siku ya kuchagua ikafika. Dume wa Mpishi aliingia kwenye kibanio wa kumi na moja. Mizani ilisoma kilo mia nne thelathini na sita, mzito kuliko wenzake wote. Utepe wa kupimia korodani ulisoma sentimita thelathini na tano. Mgongo ungeweza kuuwekea kikombe cha chai kisimwagike. Viganja vya Baba vilikwenda na kurudi, vikaenda tena.

"Kwato?"

"Nne zote zimekaa. Hakuna zinazopishana."

"Hasira?"

"Ametulia. Anamlamba Nusu Saa mkono."

Baba akafuta viganja kwenye suruali. "Ana wanja?"

Binti aliangalia. Kope zilikuwa nyeupe kama chumvi, huku na huku. Nusu Saa, langoni, alikohoa na kuanza kuchunguza mawingu.

"Anao, Baba."

Kichwa cha mzee kikainuka. "Wiki iliyopita ulisema bado."

"Umejitokeza. Ni mwembamba, lakini umezunguka."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

Baba aliinuka kitini, akaegemeza paji la uso wake kwenye mbavu za yule dume na kukaa hivyo, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Binti aliandika kwenye daftari kwamba macho yana wanja. Hakujuta. Mimi nasimulia tu, sitetei mtu, lakini saa ile hata mimi ningeandika.

Na alikuwa amepiga hesabu zake. Dume asingetoka hapo. Angewekwa na majike wa nyumbani, ndama wake wenye macho meupe wangehasiwa kimyakimya mmoja mmoja, Baba angemaliza siku zake akiamini ukoo wa Mpishi umepata mrithi, na uongo ungezikwa pamoja naye bila kumdhuru mtu. Uongo wa ndani ya nyumba, aliuita moyoni, kana kwamba uongo nao hufugwa zizini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili alimkuta Baba sebuleni akiongea kwenye simu, sauti imejaa nguvu ambayo haikusikika tangu kifua kilipomwangusha. Mtu wa upande wa pili alikuwa mjane mmoja mfugaji, mwenye majike tisa kwenye ardhi isiyo na mti wa kivuli. Mwaka ule alikuwa amewapoteza wawili kwa ugonjwa wa jicho.

"Nakupa wa Mpishi," Baba alikuwa akisema. "Ndiyo, wa Mpishi mwenyewe. Nilitaka kubaki naye, lakini wewe una shida kuliko mimi... Anao. Pande zote mbili... Hapana, usije, kuja ni gharama. Mimi nakwambia anao. Lini umesikia neno langu limeanguka?"

Akaweka simu chini akiwa anatabasamu. "Jumamosi anatuma lori," alimwambia binti. "Unajua, nimefurahi. Mrithi wa Mpishi akakae kwa mtu anayemhitaji. Sisi bibi kizee ana mimba nyingine, labda Mungu atatupa jike."

Binti alikwenda jikoni akashika ukingo wa sinki. Lori likija Jumamosi, dume atafika kwa yule mama Jumapili, na yule mama ana macho. Atamwona mnyama akishuka, atapiga simu, na neno la Baba, lile ambalo watu walinunua mafahali kwa kulisikia tu, litakuwa limekwisha kwa siku moja. Au mama wa watu atanyamaza kwa heshima ya mzee kipofu, na majike wake watazaa macho meupe kwenye jua lile. Kila alikogeukia palikuwa na ukuta.

Alikaa nayo siku mbili. Asubuhi ya tatu, Baba akiwa mezani na kikombe chake cha chai, akamwambia.

"Baba, yule dume hana wanja."

"Yupi?"

"Wa Mpishi. Macho yake ni meupe. Yalikuwa meupe tangu mwanzo. Nilikudanganya."

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kilirudi mezani taratibu, kikakosa kisahani, kikasimama juu ya kitambaa.

"Kwa nini?"

"Nilikuona unakufa."

"Ni kweli nilikuwa nakufa," Baba alisema. Alipapasa kisahani mpaka akakipata, akakiweka kikombe mahali pake. "Sasa ungeniacha nife mkweli."

Hakupandisha sauti. Aliomba simu, akamwambia ampigie yule mama, naye binti akabonyeza namba.

"Mama," Baba alisema kwenye simu, "dume niliyekwambia hana wanja. Usitume lori. Nimekudanganya, naomba unisamehe."

"Baba, mwambie ni mimi," binti alinong'ona. "Mwambie nilikosea mimi."

Baba alifunika simu kwa kiganja. "Kinywa kilikuwa cha nani?" aliuliza.

Mchana ule aliagiza dume aletwe kwenye kibanio. Alitaka kumshika mkia yeye mwenyewe wakati Nusu Saa anambana kwa koleo la kuhasia. Dume alinguruma mara moja, mlio mfupi wa mshangao, kisha akatulia kwa kuwa alikuwa mnyama wa tabia njema. Baba akamgeukia Nusu Saa.

"Na wewe ulikuwa na macho."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukanyamaza."

"Niliona ni mambo ya baba na mtoto wake, Mzee."

"Ni mambo ya ng'ombe," Baba alisema. "Kuanzia leo nitakuuliza wewe. Ukiona nusu, sema nusu. Ukiniambia kitu kipo na kumbe hakipo, tutaagana."

Jioni binti alimfuata chumbani, akamkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Akapiga magoti kumvua, kama alivyofanya kila siku. Baba aliweka mkono juu ya kichwa chake na kuuacha hapo muda mrefu.

"Nisamehe, Baba."

"Nilikusamehe mezani, kabla chai haijapoa. Wewe ni mwanangu." Alivuta pumzi, kile kifua kikakwaruza. "Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho yangu ya kwanza yalikufa nikacheka, si ulinisikia? Ya pili yalikuwa wewe. Haya ya pili siwezi kuyacheka."

Kuanzia siku ile hakumuuliza tena. Usidhani alimnunia. Alimwita mama kama zamani, alitaniana naye juu ya uji wake wenye madonge, aliegemea bega lake wakitembea. Lakini walipofika kwenye uzio, aliliacha bega lake na kuita, "Nusu Saa! Niambie." Naye Nusu Saa, mtu ambaye maisha yake yote aliongea na ng'ombe vizuri kuliko na watu, alijikwaa katika kila neno. "Mwekundu, Mzee," alisema. "Mkubwa." Baba alivumilia. Binti alisimama upande wa pili wa kibanio na daftari lake, akiandika yanayosemwa, akiona yasiyosemwa.

Wiki mbili baadaye bibi kizee wa Mpishi alizaa. Dume tena. Hakusimama baada ya kuzaa, na siku ya pili alikufa, kwa hiyo jike wa ukoo ule hakubaki hata mmoja. Ndama alinyonyeshwa pamoja na wa jike mwingine aliyekuwa na maziwa mengi, akakua. Alikuwa mdogo kuliko kaka yake lakini amefungamana zaidi, na mgongo uleule.

Wa kumuuliza binti kuhusu macho ya ndama hakuwepo. Nusu Saa aliulizwa siku ya kuzaliwa, akasema meupe, na kweli yalikuwa meupe. Habari ikaishia hapo.

Basi ni binti peke yake aliyeuona wanja ukija. Ndama alipofika miezi tisa, asubuhi moja akinywa maji, binti aliona kivuli cha wekundu kwenye pembe ya jicho la kushoto. Alidhani ni tope. Alichovya kitambaa akapangusa, na wekundu haukutoka. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mwezi wake wa kumi wekundu ulikuwa umetambaa nusu ya kope. Mwezi wa kumi na moja ulikutana huku na huku, macho yote mawili, wanja mwembamba wa rangi ya udongo uliochomwa, kama vile Mpishi alivyochelewa kuupata. Binti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake, akageuka kumtafuta mtu wa kumwambia. Palikuwa na ng'ombe tu.

Alimwambia Baba siku ileile, akimkatia kucha.

"Baba, yule mdogo wa Mpishi..."

"Siku yake inakuja, mama," Baba alisema kwa upole. "Tutamsikia siku yake."

Alijaribu kwa njia ya Nusu Saa. "Umeyaona macho ya yule mdogo?" alimuuliza wakimwaga majani makavu. Nusu Saa aliangalia mbali.

"Nimeona kitu, dada. Ni kama wanja, ni kama siyo. Ni chembamba sana kile. Mimi nikisema upo, halafu Mzee aje asikie kwa mtu mwingine haupo, nitakwenda wapi na umri huu?"

"Lakini upo."

"Wewe unasema upo," Nusu Saa alisema, na akaona haya kwa alichosema, akaongeza kasi ya kumwaga majani.

Siku ya kuchagua Baba alibebwa akiwa kwenye kiti chake. Miguu ilikuwa imevimba, na kifua sasa kilisikika kutoka upande wa pili wa uzio. Kila mtu alijua hii ni mara yake ya mwisho, na yeye mwenyewe alijua kuliko wote. Alikuwa amevaa shati jeupe. Walipita wanane. Akachukua wawili, akakataa sita, na hakukosea hata mmoja, kwa maana kasoro zao zilikuwa za kushikika kwa mkono.

Wa tisa alikuwa mdogo wa Mpishi.

Baba alimtambua kabla hajaambiwa. Kiganja kilipogusa mgongo kilisimama, kisha kikaenda polepole mpaka kiunoni, kikashuka pajani, kikarudi begani. Kilo mia nne na tano. Korodani sentimita thelathini na nne. Nusu Saa akasema kwato zimekaa. Baba aliomba ainuliwe, wakamwinua, akasimama akimshikilia mnyama kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umelainika, binti hakuwa ameuona hivyo tangu mwaka uliopita.

"Nusu Saa. Ana wanja?"

Nusu Saa aliinama akaangalia jicho la kushoto. Akazunguka, akaangalia la kulia. Akamtazama binti, akamtazama Mzee.

"Mzee... ni kama meupe."

"Kama meupe, au meupe?"

"Kuna kitu, lakini sina hakika, Mzee. Siwezi kusema upo. Andikeni meupe."

Binti hakuweza kunyamaza. Aliacha daftari, akaja mpaka kwenye mbao, uso wake na uso wa dume umbali wa shibiri moja. Aliuona wanja kama anavyoona vidole vyake.

"Baba, anao. Ni mwembamba, lakini umezunguka."

Alijisikia akisema. Yalikuwa maneno yaleyale, moja baada ya jingine, na sauti ileile. Aliona mkono wa Baba ukisimama juu ya mgongo wa mnyama.

"Pande zote mbili?" Baba aliuliza.

"Pande zote mbili. Haki ya Mungu, Baba. Mwite daktari wa mifugo aje aangalie, kesho anaweza kuwa hapa."

Baba alimgeuzia uso. Macho yake yaliyokufa yalimkosa kidogo, yakatazama pembeni ya sikio lake.

"Daktari aje kumpima dume, mama, au aje kukupima wewe?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka sana kujibiwa, na alisubiri jibu kwa muda mrefu kuliko miguu ile ilivyoweza kumbeba. Binti alifungua kinywa. Kila alichotaka kusema alikuwa ameshakisema mwaka jana, juu ya dume asiyestahili.

Baba akapapasa mgongo ule mara ya mwisho, kutoka begani mpaka kiunoni, akauacha. Akakaa kitini.

"Andika alivyosema Nusu Saa."

Binti alirudi upande wake, akaokota daftari, akaandika. Ndani ya kibanio dume alipepesa macho yake yenye wanja na kutafuna taratibu.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Nisomee."

"Wa tisa, wa Mpishi," binti alisoma. "Macho meupe. Ahasiwe."

Baba aliinamisha kichwa, akamwamini.